Nane Mbili Mbele ya Mshambuliaji

Waulize wachezaji wa poka wafanyeje na nane mbili pale mpinzani anayeshambulia kila mara anapoweka chipu zake zote mezani. Utapata majibu matatu, na kila moja litatetewa kwa nguvu. Wapo watakaosema zitupwe, kwani jozi hiyo haiwezi kuhimili karata yoyote ya maana. Wapo watakaosema dau lifuatwe, kwani mtu anayeshambulia kila mara hawezi kuwa na karata nzuri kila mara. Wengine watasema swali limechelewa kuulizwa, kwa kuwa wao wangekuwa wametangulia kuweka zote. Vitabu haviondoi mashaka. Vya zamani vinasisitiza subira, vya sasa vinasisitiza mashambulizi, na anayeokota ukurasa huku na mwingine kule hujikuta anaicheza jozi ileile kwa namna tatu katika usiku mmoja bila kuwa na sababu ya hata namna moja.

Majibu yote matatu yana ukweli. Tatizo ni kwamba kila moja lilizaliwa katika mazingira yake, kisha likaenezwa kama kanuni ya kila mahali. Ili kujua lipi linafaa wapi, lazima kwanza tuangalie karata zenyewe, kisha ukali huo unatoka wapi, kisha tuulize jambo ambalo wengi hulisahau, yaani chipu moja inagharimu kiasi gani wakati huo wa mashindano.

Karata zenyewe

Tunazungumzia Texas Hold'em isiyo na ukomo wa dau: kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani, tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Jozi ya mkononi, yaani karata mbili za siri zinazolingana, humfikia mchezaji mara moja katika kila mara 17. Jozi za kati, kuanzia sita mbili hadi kumi mbili, huja mara moja katika kila mara 44 hivi. Kwenye meza yenye mgawaji anayegawa mara 25 hadi 30 kwa saa, ni kama mara moja katika saa moja na nusu. Ndiyo maana watu hukataa kuzitupa. Mchezaji amekaa muda mrefu na takataka, na sasa amepata kitu.

Kitu hicho kina tabia ya ajabu. Dhidi ya ree na mfalme, nane mbili zina nafasi ya kushinda ya takriban 55%. Dhidi ya ree na saba, nafasi hupanda karibu na 70%. Zikikutana na jozi ndogo zaidi hufika kwenye 80%, lakini zikikutana na jozi kubwa zaidi huporomoka hadi karibu 20%. Kwa hiyo mara nyingi huwa mbele kidogo, na mara chache huwa nyuma sana. Mwenye ree mbili hana haja ya kumjua mpinzani wake. Mwenye nane mbili hawezi kuamua lolote bila kumjua.

Shida ya pili huonekana karata tatu za kwanza zinapofunuliwa. Ukiwa na nane mbili, uwezekano wa angalau moja kati ya hizo tatu kuwa kubwa kuliko nane ni karibu 87%. Kwa kumi mbili ni karibu 70%. Uwezekano wa kupata nane ya tatu ni chini ya 12%. Mara nyingi, basi, utaitazama meza yenye malkia au mfalme huku mpinzani akikuwekea dau, na jozi yako haitakuwa imeongezeka chochote.

Ukali unatoka wapi

Wengi huudhania ukali kuwa ni tabia ya mtu. Kwa sehemu ni kweli, lakini mashindano yenyewe huuzalisha. Chukua meza ya watu wanane ambapo blaindi, yaani madau ya lazima ya wachezaji wawili, ni 1,000 na 2,000, na ante, yaani mchango wa lazima wa ziada, ni 2,000. Kabla ya mtu yeyote kutazama karata zake, chipu 5,000 ziko mezani zikimsubiri mwenye kuthubutu. Mwenye 30,000 asiyecheza chochote hupoteza sehemu ya sita ya mali yake kila zamu ya blaindi inapoizunguka meza. Anayesubiri ree mbili hulipa kodi ambayo hawezi kuimudu, na anayeshambulia hukusanya kodi hiyo.

Somo hili lilienea haraka baada ya 2003. Mwaka huo Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata kiti chake kupitia mchujo wa intaneti wa dola 86, alishinda mashindano makuu ya World Series of Poker kwenye kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas, akaondoka na dola milioni 2.5. Walioshiriki walikuwa 839. Mwaka uliofuata walikuwa 2,576, na 2006 wakafika 8,773. Wengi wa waliofuata nyayo hizo walijifunza poka kwenye kompyuta, wakicheza kwa saa chache kiasi ambacho wazee wa kasino walikicheza kwa wiki, na waligundua mapema kwamba watu hutupa karata mara nyingi kuliko inavyostahili.

Mashindano hayohayo ya 2003 yaliacha mifano miwili ya jozi za kati ambayo bado inapotosha watu. Katika mmoja, Moneymaker alikuwa na nane mbili dhidi ya ree mbili za Humberto Brenes. Akaweka zote baada ya karata tatu za kwanza, Brenes akafuata, na karata ya nne ikawa nane. Katika wa pili, Phil Ivey alikuwa na tisa mbili dhidi ya ree na malkia za Moneymaker. Meza ilifunguka na malkia wawili na sita, karata ya nne ikawa tisa iliyompa Ivey fulu hausi, chipu zote zikaingia, na ree ya mwisho ikamtoa Ivey katika nafasi ya kumi. Wanaotetea kuziweka zote hunukuu mfano wa kwanza, na wanaotetea kuzitupa hunukuu wa pili. Hakuna mfano kati ya hiyo miwili unaothibitisha kitu. Moneymaker aliokolewa na moja kati ya karata mbili tu zilizoweza kumsaidia. Ivey, wakati chipu zinaingia, angeshindwa na karata saba tu kati ya 44 zilizosalia. Matokeo ya siku moja hayawezi kuamua ubora wa uamuzi, na jozi za kati huumiza zaidi kwa sababu ndizo zinazotoa matokeo ya kukumbukwa.

Hoja ya kwanza: subiri ya tatu

Kwa shule ya zamani, jozi ya kati ni tiketi ya kutafuta karata ya tatu. Lipa kidogo, ona karata tatu za kwanza, ukipata nane nyingine mfilisi mpinzani, usipoipata ondoka. Uzuri wake ni kwamba haihitaji ujasiri wala kusoma sura ya mtu. Karata ya tatu hufichika vizuri, na mshambuliaji ndiye mtu bora wa kukutana naye ukiwa nayo, kwa kuwa hujiongezea dau mwenyewe.

Udhaifu wake uko kwenye hesabu. Kwa kuwa hupati ya tatu zaidi ya mara saba kwa kila mara moja unayoipata, na kwa kuwa hata ukiipata si kila mara utalipwa, rundo dogo kati yenu linapaswa kuwa kubwa mno kuliko unacholipa. Wachezaji makini hutaka angalau mara 15. Saa za mwanzo za mashindano, kila mtu akiwa na blaindi kubwa 100 au zaidi, sharti hilo linatimia. Saa sita baadaye mpinzani amepandisha juu ya dau lako, unatakiwa uongeze blaindi tano, na nyuma una 25. Hapo sharti limevunjika kabisa. Hata hivyo watu huendelea kulipa wakijiambia wanatafuta ya tatu, na huu ni uvujaji mkubwa kuliko hasara yoyote ya kuweka zote, kwa sababu hufanyika kimyakimya.

Hoja ya pili: fuata, mwache ajimalize

Shule hii inasema kwamba anayeshambulia na karata nyingi dhaifu hashindwi kwa kutishwa. Hushindwa kwa kufuatwa. Ukipandisha, atatupa zile dhaifu ulizokuwa umezizidi na kubaki na zile zinazokuzidi. Ukifuata tu, utabaki na wigo wake wote mpana mezani, yaani karata zote anazoweza kuwa nazo, ambao jozi yako iko mbele yake.

Hoja hii ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Karata mbili zisizo jozi hupata jozi kwenye karata tatu za kwanza mara moja tu kati ya tatu hivi. Kwa hiyo malkia anapotokea mezani, hilo halimaanishi mpinzani anaye. Akiweka dau la nusu ya fungu la chipu zilizo mezani, unahitaji kuwa mbele robo tu ya nyakati ili kufuata kusiwe hasara. Kumtupia jozi mtu wa namna hii kila inapotokea karata kubwa ni kumpa alichokuja kukichukua.

Lakini kuna gharama isiyoonekana mwanzoni. Fungu likiwa 10,000 na mpinzani akaweka robo tatu ya fungu mara tatu mfululizo, utalipa 7,500, kisha 18,750, kisha 46,875. Uamuzi ulioonekana kuwa wa 7,500 ulikuwa mwanzo wa bili ya zaidi ya 73,000. Mshambuliaji mzuri anajua hivyo, naye hutishia kwa madau yajayo kuliko lile lililo mbele yako. Wengi hufuata dau la kwanza, hufuata la pili kwa wasiwasi, kisha hutupa kwenye la tatu, wakiwa wamelipa zaidi ya theluthi ya gharama ya kumkamata bila kumkamata. Kufuata kunafaa ukiwa na nafasi ya kucheza baada yake, rundo likiwa na kina cha kutosha, na ukiwa umeshuhudia kwamba mtu huyu hupiga hadi karata ya mwisho akiwa hana kitu. Wapo wanaopandisha ovyo mwanzoni lakini hutulia mara wanapofuatwa. Dhidi ya hao, dau la tatu ni la kweli, na kutupa ni sahihi.

Hoja ya tatu: tangulia wewe

Hapa ndipo mashindano ya leo yanapochezwa zaidi, na ndipo panapostahili hesabu ndefu.

Rudi kwenye blaindi za 1,000 na 2,000. Mshambuliaji mwenye rundo kubwa amepandisha hadi 4,400 akiwa kiti cha mgawaji, blaindi ndogo ametupa. Wewe uko blaindi kubwa na nane mbili, na baada ya kulipa blaindi na ante umebaki na 38,000. Mezani pana 9,400. Ukiweka zote na yeye akatupa, unaokota 9,400. Tuchukue dhana mbaya kwako: kwamba atafuata mara nne kati ya kumi, na kila akifuata atakuwa na jozi ya tisa au zaidi, au ree na malkia, au ree na mfalme. Dhidi ya wigo huo nane mbili zina takriban 36%. Fungu litakuwa 83,000 na wewe utapoteza, kwa wastani, chipu 8,120 kila anapofuata. Jumlisha pande zote mbili na bado unapata faida ya karibu chipu 2,400, zaidi ya blaindi kubwa moja. Na dhana hiyo inakuonea wewe. Mtu anayepandisha theluthi ya karata zote, na kufuata na hizo chache tu, atatupa mara tano kati ya sita, na faida itapita 6,000.

Nane mbili hapa hazikuhitaji kuwa bora kuliko karata zilizofuata. Zilifaidika kwa sababu mpinzani alitupa nyingi, na zile chache zilizofuata bado ziliziachia zaidi ya theluthi ya nafasi. Ghulamu na tisa zingeuzuia mpango huu kwa kuwa ni dhaifu zikifuatwa. Ree mbili zingeupoteza kwa kuwafukuza watu zisiotaka kuwafukuza. Jozi za kati zinaufaa kuliko karibu karata nyingine zozote.

Sasa geuza viti. Mshambuliaji ndiye aliyeweka zote, 30,000, na wewe uko blaindi kubwa na nane zilezile. Unatakiwa kuongeza 28,000 ili kushindania fungu la 63,000, hivyo unahitaji nafasi ya 44%. Kama anaweka zote na robo ya karata zote, zikiwemo jozi zote, kila ree na picha mbili kubwa, una karibu 58% na unapaswa kufuata. Kama anaweka zote na ule wigo mwembamba tuliousema, una 36% na unapaswa kutupa. Jozi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna mtu wa kutupa mbele yako, hivyo umebakiwa na nguvu ya karata peke yake. David Sklansky, mwandishi wa vitabu vya poka, aliliweka hili kama kanuni zamani: karata za kufuata dau lazima ziwe bora kuliko za kuanzisha dau. Kwa jozi za kati pengo hilo ni pana kuliko mahali pengine popote.

Udhaifu wa shule ya tatu ni kwamba imefanywa kuwa dini. Ukiwa na blaindi 60, kuweka zote juu ya dau la blaindi mbili ni kuhatarisha mno kwa kidogo, kwa sababu watakaofuata ni walewale wanaokuzidi. Na mshambuliaji anayesifika kwa kufuata kila kitu anakuondolea faida ya kutupwa karata, ambayo ndiyo iliyokuwa msingi wa hesabu yote.

Bei ya chipu

Mpaka hapa tumehesabu chipu kana kwamba ni fedha. Katika mashindano si fedha, na hapa ndipo ushauri mwingi unapovunjika. Njia inayotumika sana kugeuza chipu kuwa thamani ya zawadi inatokana na kazi mbili: hesabu za David Harville za 1973 kuhusu mbio za farasi, na maandishi ya Mason Malmuth ya 1987 yaliyozipeleka kwenye poka.

Tuseme wamebaki wachezaji wanne wenye marundo sawa, na zawadi ni tatu: 50%, 30% na 20% ya fedha zote. Kila mmoja ana thamani ya 25%. Wawili wakiweka zote, mshindi atashika nusu ya chipu zote, lakini thamani yake haitakuwa 50%. Kwa hesabu hizo itakuwa 38.3%. Anayeshindwa hupoteza 25, na anayeshinda hupata 13.3 tu. Ukiacha blaindi pembeni, anayefuata dau anahitaji nafasi ya zaidi ya 65% ili asipate hasara.

Linganisha na karata zetu. Wigo mpana wa robo ya karata zote, uliotufanya tufuate bila kusita kwa 58%, sasa unatutaka tutupe. Hata mpinzani akiweka zote bila kutazama karata zake, nane mbili zina 69% na zinavuka mstari kwa shida. Sita mbili, zenye 63% dhidi ya karata zozote, hazivuki. Mtu anaweza kuwa na uhakika kwamba anaonewa na bado akawa sahihi kutupa jozi. Hili ni gumu kulikubali mezani, na mshambuliaji mwenye rundo kubwa anaishi juu ya ugumu huo. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kwamba ukitangulia wewe kuweka zote, mzigo wa 65% unahamia kwa mpinzani mwenye rundo sawa na lako. Akiwa na ree na mfalme, hata akijua fika kwamba una nane mbili, hapaswi kufuata.

Wapinzani wa njia hii wana hoja nzuri: zawadi kubwa ziko juu kabisa, na anayelinda nafasi kila mara hufika mwishoni na chipu chache zisizoweza kushinda. Mwaka 2003 wa kwanza alipata dola milioni 2.5 na wa pili milioni 1.3. Tena njia yenyewe haitazami blaindi zinazokuja wala tofauti ya ustadi. Ni kasoro za kweli. Zinashusha 65% kidogo, lakini haziifikishi kwenye 44%.

Mizani

Kwa uzani wangu, shule ya tatu inashinda katika eneo ambalo maamuzi mengi ya mashindano hufanyika, yaani rundo la blaindi kati ya 10 na 25, mradi mpinzani anaweza kutupa. Nje ya eneo hilo haina haki ya kutawala. Ukiwa na blaindi 100, kutafuta ya tatu na kufuata kwa kiasi ni bora. Katikati, kwenye blaindi 30 hadi 50, hakuna shule inayojitosheleza, na nafasi ya kiti ndiyo inayoamua: ukicheza baada yake fuata, ukicheza kabla yake pandisha au tupa.

Neno "mkali" pia halitoshi kama maelezo ya mpinzani. Mtu anayefungua nusu ya karata zake kwa kupandisha kidogo anaweza kuwa mwoga mbele ya dau la chipu zote. Mwingine hafungui sana, lakini akishafungua hapigi breki. Kuwachanganya hawa wawili kunamgharimu mchezaji zaidi kuliko kusahau asilimia yoyote iliyoandikwa hapa. Majedwali ya kompyuta hayamsaidii katika hili, kwani yameandikwa kwa ajili ya mpinzani asiyekosea.

Liko eneo moja ambalo hugeuza kila kitu, nalo linakua haraka: mashindano yenye zawadi ya kichwa, ambapo anayemtoa mwenzake hulipwa papo hapo. Nusu ya kiingilio ikiwa imewekwa juu ya kichwa, nusu nyingine ndiyo iliyonunua chipu za kuanzia, hivyo kichwa kinathaminiwa kama rundo zima la mwanzo. Chukua rundo hilo kuwa 20,000, na umrudie yule aliyeweka zote 30,000 ukiwa blaindi kubwa, mbali na ukingo wa zawadi na chipu zako zikizidi zake. Fungu la 63,000 sasa ni kama 83,000, na nafasi unayohitaji inashuka kutoka 44% hadi chini ya 34%. Nane mbili, dhidi ya wigo ule mwembamba wa jozi kubwa na ree kubwa, zina 36%. Zifuatwe. Lakini mashindano yakiwa ya aina ambayo nusu tu ya kichwa hulipwa papo hapo, unahitaji zaidi ya 38%, na nane zilezile zinarudi kutupwa.